Ugomvi wa Nyumbani Humdhuru Mtoto

Katika Wilaya ya Rungwe, kilimo cha chai, kahawa na ndizi, pamoja na ufugaji wa ng'ombe wa maziwa, ni kazi ya nyumba nzima. Nyumba ikivurugika, chama cha msingi nacho hupungukiwa. Hata hivyo, anayepata hasara kubwa kuliko wote ni mtoto, na hasara yake haipimwi kwenye mizani ya chama.

Wazazi wengi hudhani kwamba mtoto asiyepigwa yeye mwenyewe hadhuriki. Sivyo. Mtoto anayesikia mama yake akipigwa usiku hushikwa na hofu. Moyo humwenda mbio na usingizi humpotea. Hofu hiyo ikirudiwa mara kwa mara, mwili wake hauna nafasi ya kutulia, na ubongo ambao ungali unakua huathirika, hasa katika kumbukumbu na uwezo wa kutawala hasira.

Dalili hutofautiana kwa umri. Mtoto mchanga hulia sana na huweza kukataa kula. Wa miaka mitatu au minne huweza kuchelewa kusema, au kurudia kukojoa kitandani. Mwanafunzi husinzia darasani na kusahau masomo, naye huitwa mzembe. Kijana huweza kutoroka nyumbani, au kujifunza kwamba ngumi ndiyo njia ya kumaliza shauri. Wahenga walisema: mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Tatizo hili si la nyumba chache. Uchunguzi wa Shirika la Afya Duniani, uliotangazwa mwaka 2005, ulionyesha kwamba huko Mbeya wanawake 56 katika kila 100 waliowahi kuwa na mume au mwenzi walikuwa wamepata kupigwa au kuingiliwa kwa nguvu naye. Dar es Salaam walikuwa 41.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haimpi mume wala mke haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kipigo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo inamtaka mwanajamii mwenye ushahidi kwamba haki za mtoto zinavunjwa atoe taarifa kwa serikali ya mitaa.

Vyama vinaweza kusaidia. Kujali jamii ni kanuni ya ushirika tangu mwaka 1995. Fedha za mazao ni chanzo kimojawapo cha ugomvi. Hivyo wanawake waandikishwe kuwa wanachama, na hesabu za malipo zisomwe wazi. Katibu anayepata habari za kipigo asiseme kwamba hayo ni ya ndani ya nyumba. Amwelekeze mhusika kwa ofisa ustawi wa jamii au Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Mtoto apigiwe simu namba 116.

Madhara haya hupungua kipigo kikikoma mapema, na mtoto akipata walau mtu mzima mmoja wa kumtegemea: shangazi, bibi, mwalimu au jirani. Kila mwanachama anaweza kuwa mtu huyo.