Kovu Lishikalo Jicho

Kila jicho huendeshwa na misuli sita. Mwenye makengeza hupasuliwa ili msuli uvutao kupita kiasi urudishwe nyuma, au ule mlegevu ufupishwe. Kazi hii si ngeni: Dieffenbach aliifanya Berlin mwaka 1839, naye aliukata msuli asiushone tena, hata macho mengine yakageukia upande wa pili.

Lakini sisi twataka kunena juu ya adui ajaye baada ya kisu, yaani kovu. Jeraha la kisu huacha kovu; nalo likiota humo ndani laweza kuugandisha msuli kwenye weupe wa jicho, jicho lisigeuke. Kubwa zaidi ni mafuta yaliyo nyuma ya jicho. Utando uyazuiao ukitobolewa, hutokeza na kushikamana na kovu, nalo jicho huwa kama mbuzi aliyefungwa kamba fupi.

Basi kinga ya kwanza ni mkono wa mpasuaji: kuishika nyama kwa upole, kuizuia damu, kutoutoboa utando ule. Hapa haraka haina nafasi. Kwa apasuliwaye tena, madaktari wengine huweka kipande cha utando wa chupa ya uzazi, kilichotolewa kwa hiari na mama aliyejifungua, ili nyama zisigandane.

Ninyi wazazi wafanya kazi, mkihamia mji mwingine msiziache karatasi za hospitali za mtoto. Daktari wa pili hukuta kovu la wa kwanza, naye hana budi kujua ni msuli upi uliosogezwa, na kwa milimita ngapi.