Michezo ya Kuigiza Wahusika Mezani: Kuchagua na Kuongoza kwa Uangalifu

Kijana anayeishi na ugonjwa wa muda mrefu anapoulizwa kliniki anaendeleaje, mara nyingi hujibu neno moja tu: "Salama." Hujibu hivyo hata kama ameacha kumeza dawa wiki mbili zilizopita. Kwa sababu hiyo, baadhi ya wataalamu wa afya ya akili, hasa nchini Marekani na barani Ulaya, wamekuwa wakitumia michezo ya kuigiza wahusika mezani ili kuanzisha mazungumzo ambayo swali la moja kwa moja limeshindwa kuyaanzisha.

Katika michezo hiyo, watu watatu hadi sita huketi kuzunguka meza, na kila mmoja hubuni mhusika wake. Kwa kawaida mmoja wao huwa mwongozaji: hueleza mahali walipo na hatari iliyo mbele yao, kisha huuliza, "Unafanya nini?" Jambo likiwa gumu, dadu hurushwa ili kuamua kama limefaulu. Hakuna jukwaa wala mavazi maalumu, na kwa kawaida hakuna mshindi.

Tiba imeifahamu nguvu ya kuigiza kwa muda mrefu. Daktari Jacob Moreno aliitumia kama tiba ya kisaikolojia katika karne ya 20. Mwaka 1963, Howard Barrows, bingwa wa magonjwa ya mfumo wa neva, alianza kuwafundisha wanafunzi wa udaktari kwa kutumia watu walioigiza ugonjwa. Mezani, kijana anayeona aibu kusema "naogopa" huweza kusema kwamba mhusika wake anaogopa. Hata hivyo, tafiti zilizopo ni chache na nyingi zimehusisha vikundi vidogo. Michezo hii ni nyongeza tu. Haichukui nafasi ya dawa wala ushauri nasaha.

Kanuni za mchezo hufanya kazi kama kiambato cha dawa: mchezo uliolisaidia kundi moja huweza kulidhuru jingine. Mifano minne inaonyesha tofauti hiyo.

Dungeons & Dragons ulibuniwa na Gary Gygax pamoja na Dave Arneson, ukachapishwa Marekani mwaka 1974. Mhusika mmoja hupigana, mwingine huponya majeraha, mwingine hunyata na kufungua kufuli. Kwa kuwa wahusika hutegemeana, mchezo huu hufaa kujenga ushirikiano miongoni mwa vijana wenye haya iliyokithiri. Kasoro yake ni kwamba kanuni ni nyingi na hadithi huendelea kwa vikao vingi, hivyo hauifai kliniki ambayo washiriki wake hubadilika kila mwezi.

Call of Cthulhu, wa mwaka 1981, ni mchezo wa hadithi za kutisha. Kila mhusika huwa na alama za utimamu wa akili, nazo hupungua anapokutana na mambo ya kuogofya. Zikiisha kabisa, mchezaji humpoteza mhusika wake. Kwa wengi hiyo ni burudani. Kwa mtu anayepona saikosisi, kanuni hiyo inaweza kumpa ujumbe kwamba aliyeugua akili amekwisha, ujumbe ambao ni kinyume cha ukweli wa tiba.

Dread, wa mwaka 2005, hautumii dadu. Hutumia mnara wa vipande vya mbao wa Jenga, mchezo ambao jina lake limetokana na kitenzi cha Kiswahili "kujenga" na ambao Leslie Scott, aliyekulia Afrika, aliuzindua London mwaka 1983. Ili kufaulu katika jambo gumu, mchezaji huchomoa kipande. Mnara ukianguka, mhusika wake huondoka katika hadithi, mara nyingi kwa kufa. Hofu hiyo haiwafai waliofiwa karibuni. Aidha, mgonjwa mwenye mtetemeko wa mikono hutengwa na kanuni yenyewe.

The Quiet Year, wa Avery Alder, ulitoka mwaka 2013. Washiriki huchora pamoja ramani ya jamii inayojijenga upya, na kila karata ya kawaida inayofunuliwa huwakilisha wiki moja na kuleta swali la kujibiwa. Hauna mwongozaji wa kudumu, wala hakuna anayelazimika kuwa na mhusika wake mmoja. Anayehisi kwamba hakusikilizwa huchukua kete na kuiweka mbele yake. Punje ya harage hutosha. Mchezo huisha katika kikao kimoja, na vifaa vyake hupatikana kwa urahisi: karata, karatasi, kalamu na dadu chache. Kwa kikundi kipya, huu ni mwanzo mzuri.

Kabla ya kuupeleka mchezo kwa wagonjwa, wahudumu wanapaswa kuucheza wao kwa wao. Kikao cha kwanza na wagonjwa kitumike kukubaliana mambo yasiyoguswa, kama vile ukatili wa kingono au kifo cha mtoto. Kadi yenye alama ya X, iliyobuniwa na John Stavropoulos, iwekwe mezani. Yeyote akiigusa, jambo hilo huondolewa bila kuulizwa sababu. Mwisho wa kila kikao, kila mmoja amvue mhusika wake na kusema anavyojisikia yeye mwenyewe. Maneno ya mhusika yasichukuliwe kuwa ungamo, wala yasiandikwe kwenye faili kama historia ya mgonjwa.

Katika miaka ya 1980, baadhi ya wazazi Marekani walidai kwamba Dungeons & Dragons uliwafanya vijana wajiue. Madai hayo hayakuthibitishwa. Hata hivyo, mchezo unaweza kufichua maumivu yaliyokuwapo tayari. Mhusika wa mshiriki mmoja akitafuta kifo katika kila kikao, mhudumu asisubiri hadithi iishe. Amwite mshiriki huyo faraghani na kumwuliza waziwazi kama anafikiria kujiua. Swali hilo halipandikizi wazo hilo. Humpa nafasi ya kusema. Jibu likiwa ndiyo, asiachwe peke yake, na apelekwe siku hiyo hiyo kwa mtaalamu wa afya ya akili.