Sindano Mbili Ugenini

Mwaka 1953 Paul Bomani, ambaye wakati huo alikuwa akiwaunganisha wakulima wa pamba wa Usukuma katika vyama vya ushirika, alisafiri kwenda Uingereza kusoma elimu ya ushirika huko Loughborough, na mji huo ulikuwa umeneemeka kwa kazi ya kufuma tangu zamani, kwani ndiko fundi William Cotton alikopata hataza ya mashine yake ya kufumia soksi mwaka 1864. Tangu zama zile hata leo vijana wa Kanda ya Ziwa wanaokwenda kutafuta elimu katika nchi za baridi hukutana na kazi hii, aghalabu katika jioni zile ndefu ambazo jua huzama kabla mtu hajatoka darasani; na nionavyo mimi, mtoto wa Mwanza anayeshika sindano mbili kwa mara ya kwanza ana akiba ya maarifa asiyoitambua.

Atazamaye wavuvi wakitengeneza nyavu Mwaloni Kirumba au katika mialo ya Ukerewe ataona kwamba kila jicho la wavu hukazwa kwa fundo, na kwa sababu hiyo wavu ukikatwa na mwamba mahali pamoja macho mengine husalia salama. Kitambaa cha kroshia, kile ambacho mama zetu hukitandika juu ya meza na makochi, hakina mafundo, illa kila kitanzi hufungwa kabla ya kinachofuata kuanzwa, hata ikawa katika ndoano hubaki kimoja tu kilicho wazi. Kufuma kwa sindano mbili kuna tabia nyingine kabisa: safu nzima ya vitanzi, hamsini au mia, hukaa wazi juu ya sindano ya kushoto, kila kimoja kikingoja uzi mpya upitishwe ndani yake na kuhamia sindano ya kulia. Humo ndimo unamotoka mnyumbuko wa sweta, kwa kuwa uzi wake umepindapinda wala haukunyooka kama uzi wa kanga. Na humo humo ndimo inamotoka hatari yake, maana kitanzi kimoja kikiponyoka huanguka safu baada ya safu na kuacha nyuma yake nyuzi zilizolala wazi. Hapo ndipo aliyefunzwa kroshia nyumbani anapopata faida: hukidaka kitanzi kilichoanguka kwa ndoano, akauvuta ndani yake uzi wa kwanza uliolala juu yake, kisha wa pili, kisha wa tatu, mpaka akakirudisha sindanoni.

Mitindo ya msingi ni miwili tu, wa wazi na wa kinyume, na tofauti yake ni kwamba katika wa kwanza uzi hukaa nyuma ya kazi na kutokezwa mbele, na katika wa pili hukaa mbele ukapelekwa nyuma. Ukifuma wazi kila safu hupata kitambaa cha matuta kisichojikunja, ambacho ndicho kimfaacho mwanafunzi kwa skafu yake ya kwanza. Na ukibadilishana wazi na kinyume katika safu moja hupata mifereji ivutikayo, ifaayo shingoni na kwenye vifundo vya mikono.

Wala asidhani mtu kwamba hii ni mila ya Wazungu peke yao. Miongoni mwa vipande vya kale kabisa vya ufumaji huu vilivyohifadhiwa ni soksi za pamba, za buluu na nyeupe, zilizopatikana Misri ya zama za Kiislamu. Na huko Burgos, Uhispania, katika kaburi la Fernando de la Cerda, mwanamfalme aliyefariki mwaka 1275, ulikutwa mto wa hariri uliofumwa kwa herufi za Kiarabu za mwandiko wa Kikufi zenye kusomeka baraka.

Kabla ya kuanza sweta, fuma kipande cha mraba cha sentimita 15, ukilaze, uhesabu vitanzi vilivyomo katika sentimita 10 za katikati. Wengi huona uvivu, nami nasisitiza kwa kuwa hesabu haina huruma: kielelezo cha sweta unachokifuata kikitaka vitanzi 20 na mkono wako ukatoa 22, sweta ya vitanzi 180 iliyokusudiwa kuwa na mzunguko wa sentimita 90 itatoka chini ya 82, nayo haitaingia mwilini. Dawa ni kubadili sindano, uchukue iliyo nene zaidi.

Sufu ndiyo mwalimu mpole, kwani hunyumbuka, hushika hewa katika mawimbi ya nyuzi zake, na huweza kunywa unyevu wa karibu theluthi ya uzito wake bila mvaaji kuhisi majimaji. Lakini arejeaye Mwanza atahitaji nguo hiyo mara chache, usiku wa Juni na Julai pengine, na kwa hiyo namsihi ajifunze pamba pia. Yaniuma kwamba pamba ya Usukuma, ambayo mbegu zake wataalamu wa kituo cha kilimo cha Ukiriguru wamezifanyia utafiti tangu miaka ya 1930, huondoka kwa wingi katika marobota ikiwa ghafi, isokotwe kwa watu. Pamba haina mnyumbuko wa sufu, hivyo mifereji ya shingoni ifumwe kwa sindano nyembamba zaidi ili isilegee. Na nguo ikifuliwa isitundikwe kambani, maana uzito wa maji huvuta vitanzi vyote chini na kuirefusha, bali ilazwe juu ya jamvi kivulini na kunyooshwa kwa viganja mpaka irejee kipimo chake.