Arusi ya Uani: Mtama, Ndizi na Mikono ya Watu Ryansoro

Katika miji mikubwa ya ulimwengu imezuka siku hizi ada ya wachumba kuzikataa kumbi za kukodi na mapambo ya dukani, wakataka arusi yao ifanyike nje, chini ya miti, kwa vitu vilivyofumwa, vilivyoshonwa na vilivyopikwa kwa mikono yao na ya jamaa zao; na kwa kuwa kila kinachotamaniwa na wenye uwezo hakikosi kupata bei, wako leo huko Ulaya na Marekani mafundi wanaolipwa fedha nyingi ili waifanye arusi ionekane kana kwamba hakulipwa mtu. Sina neno baya juu ya wachumba hao. Lakini msomaji atakaye kujua arusi ya namna hiyo hufanywaje hasa, na kwa kanuni zipi, atafaidika zaidi akielekeza macho yake kwenye vilima vya Burundi ya kati, mahali kama Ryansoro, kusini mwa mji wa Gitega, ambako ua wa nyumba, uitwao rugo, ndio ukumbi tangu enzi za mababu, na ambako kazi ya mikono haikupendwa kwa uzuri wake tu, maana ndiyo iliyokuwa njia ya kuwatia watu wengi katika ushahidi wa ndoa moja.

Neno hilo la ushahidi lahitaji tafsili. Kwa ada ya Warundi ndoa haifungwi kwa siku moja. Hujengwa hatua kwa hatua, na kila hatua ina kinywaji chake na wasemaji wake. Kwanza ujumbe wa upande wa mwanamume huenda kwa wazazi wa binti kushika mlango, gufata irembo, ili wachumbiaji wengine wajue kwamba pana mtu aliyetangulia. Hufuata kuposa, gusaba. Hufuata mahari, inkwano, ambayo aghalabu ilikuwa ng'ombe kwa mwenye mifugo na majembe kwa asiye nayo. Na baada ya muda upande wa binti nao hurudisha hiba, indongoranyo, ili isije ikasemwa kwamba mtoto wao aliuzwa. Katika nchi ambayo zamani haikuwa na cheti wala mhuri, dhamana ya mapatano hayo ilikuwa katika vinywa vya watu waliokuwapo, na mtu hawezi kukana kuwapo pale mahali ambapo kikapu alichokifuma mkewe kilipokelewa mbele ya bashingantahe, wale wazee waamuzi wa kilima, na pombe iliyotoka katika migomba yake ikanywewa na umati mzima.

Kwa hiyo mwenye kupanga arusi kama hiyo hupanga kwanza majira. Mwaka wa Burundi ya kati una misimu minne anayoijua kila mkulima: agatasi, mvua za mwanzo za miezi ya Oktoba na Novemba, umukubezi, pumziko fupi la kuingia mwaka mpya, urushana, masika makubwa yaishayo mwezi wa Mei, na ici, kiangazi cha kuanzia Juni hadi Septemba, ambacho ndicho msimu wa arusi. Mtu wa mjini atadhani sababu ni mbingu kavu pekee. Hiyo ni sababu, lakini ndogo kuliko nyingine mbili: mtama huvunwa Juni na Julai, na bila mtama hakuna pombe ya heshima; na mavuno ya kahawa, zao la fedha la vilima vile, huwa yamekamilika au yakaribia, ndipo mwenye nyumba hupata cha kununulia chumvi, mafuta, nguo na vile vyote ambavyo mkono haufumi.

Sasa tuingie katika kazi yenyewe, na tuanze na ndizi, kwa kuwa ndizo zinazowatia hofu waandalizi kuliko kitu kingine. Pombe ya ndizi, urwarwa, haiwekwi akiba. Siku chache baada ya kuiva huingia ukali na kugeuka siki, na pombe iliyochacha kupita kiasi mbele ya wakwe ni fedheha inayosimuliwa miaka. Hivyo hesabu hufanywa kwa kurudi nyuma kutoka siku ya arusi. Yapata juma moja na zaidi kabla ya siku hiyo mikungu iliyokomaa lakini ingali mibichi hukatwa, ikafukiwa katika shimo lililotandikwa majani ya mgomba na kutiwa joto la moto, kisha shimo hufunikwa kwa majani na udongo. Hewa ya ethilini inayotolewa na matunda yanapoiva haina pa kutokea, huzunguka humo na kuivisha mikungu yote kwa pamoja, na wanga wa ndizi hugeuka kuwa sukari. Ndiyo maana shimo lililofunguliwa mapema na mtoto mdadisi huharibu kazi ya watu wengi. Baada ya siku kadhaa ndizi hufukuliwa, humenywa, hukandwa kwa majani makavu mpaka maji yake matamu yatoke, huchujwa, huongezwa maji kwa kadiri ya ustadi wa mpika pombe, na mwisho hutiwa unga wa mtama uliokaangwa au kuchipuzwa, ambao pamoja na ladha na rangi huchukua hamira ya asili. Mchanganyiko hukaa katika mtumbwi wa mti, umuvure, uliofunikwa majani, na hapa ndipo nyanda za juu za Gitega, zilizoinuka mita 1,500 na zaidi juu ya bahari, zinapomtaka mtu awe macho: usiku wa Julai una baridi, hamira huzubaa kwenye baridi, na mzee anayejua kazi yake hulala karibu na umuvure na moto wake.

Pombe ya mtama, impeke, ni ya daraja ya juu zaidi, nayo yataka subira nyingine. Nafaka hulowekwa, huachwa ichipue, kisha huanikwa juani. Katika kuchipua mbegu hujitengenezea vimeng'enya vya kuuvunja wanga wake, na jua hulisimamisha tendo hilo mahali panapofaa, ili sukari isiliwe na chipukizi lenyewe. Mbegu iliyoanikwa katika wingu na manyunyu huota ukungu. Ndipo husagwa, hupikwa, huchachushwa. Wageni wa heshima huinywa kwa mirija, imiheha, kutoka katika chungu kimoja, na kuna hekima katika ada hiyo, kwa kuwa watu wawili waliokuwa wakigombea mpaka wa shamba hawawezi kuinama juu ya chungu kimoja bila ya kilima kizima kuona kwamba wamepatana, walau kwa siku ile. Leo makreti ya bia ya Brarudi, kiwanda kilichoanzishwa 1955, yamechukua nafasi kubwa uani, wala si haki kuyalaumu, maana chupa haichachi. Lakini katika miaka hii ya karibuni, ambapo mafuta ya magari yameadimika na sukari vilevile, na lori la vinywaji likawa halina hakika ya kufika, nyumba yenye migomba na gunia la mtama imekuwa na raha ambayo nyumba yenye pesa tupu haina.

Vyombo navyo vina watu wake. Vyungu vilifinyangwa tangu zamani na Watwa, jamaa ndogo kuliko zote nchini na iliyodharauliwa kuliko zote, na yafaa isemwe wazi kwamba arusi nyingi zimenywewa katika kazi ya mikono ya watu ambao hawakukaribishwa kukaa. Vikapu ni kazi ya wanawake: igiseke chenye kifuniko kilichochongoka, na inkangara, kikubwa, cha kuchukulia zawadi, hufumwa kwa mafunjo na nyasi kwa miezi mingi, jioni, baada ya shamba, kwa hiyo binti anapoposwa huwa kikapu chake kimekwisha anzwa. Juu ya mavazi sina mengi. Nguo iliyofungwa begani, imvutano, inapendeza kwa kila mwanamke niliyemwona akiivaa, na shada la bua la mtama katika kipaji cha mama, urugori, lina fahari kuliko kofia yoyote ya dukani. Zamani bibi arusi alichukuliwa mabegani mwa vijana katika machela ya kufumwa, ingobyi, kupanda na kushuka vilima. Siku hizi hutafutwa gari, nalo lisipopata mafuta hutafutwa pikipiki.

Pana jambo moja ambalo wachumba wengi hulikosea, nalo ni ngoma. Hudhani kwamba arusi ya asili ya Kirundi haitimii bila ya zile ngoma kubwa zinazochongwa kutoka mti wa umuvugangoma, mringaringa kwa Kiswahili cha Tanzania, na kuwambwa ngozi ya ng'ombe. Lakini ngoma hizo zilikuwa za Mwami, yaani mfalme. Zilipigwa katika kutawazwa kwake na katika sikukuu ya kupanda mtama, umuganuro, na zilitunzwa na koo maalumu katika mahali patakatifu kama Gishora, kilomita chache kutoka Gitega; mkulima wa kawaida hakuota kuzileta uani kwake. Ni baada ya ufalme kufutwa mwaka 1966 zilipozidi kuwa za watu wote na kualikwa katika sherehe za watu binafsi. UNESCO iliuingiza mchezo wa ngoma ya kifalme katika orodha ya urithi wa ubinadamu mwaka 2014, na mnamo Oktoba 2017 amri ya rais ikaweka kwamba vikundi sharti viandikishwe, kwamba wanawake wasizipige, na kwamba sherehe isiyo ya kiserikali iombe ruhusa na ilipe faranga 500,000. Juu ya kuwakataza wanawake nina shaka zangu, na juu ya malipo hayo nina shaka kubwa zaidi. Hata hivyo kwa arusi ya kilimani amri imewarudisha watu, bila kukusudia, kwenye kitu cha zamani zaidi, yaani imvyino, nyimbo za kuitikiana na kupiga makofi, ambazo hazihitaji ila mwanamke mmoja mwenye sauti na wenzake walioshiba.

Na siku yenyewe? Ua hufagiwa tangu alfajiri, hutandikwa nyasi, koo mbili huketi zikielekeana, na nafasi iliyobaki katikati haikatizwi ovyo. Kisha huanza maneno. Mgeni kutoka pwani, aliyezoea taarabu na vigelegele, huona hotuba hizi ni ndefu kupita haja, kwa kuwa kila upande una msemaji wake, husifu, hujinyenyekeza, huzunguka jambo kwa mbali kabla ya kulisema, na mwenzake hujibu kwa mzunguko ule ule. Asikate tamaa. Maneno hayo ndiyo hati ya mkataba, na watu wameketi hadharani, jua likiwapiga, ili kila sentensi ipate wasikilizaji. Siku kadhaa baadaye hufanywa gutwikurura, ambapo bibi arusi aliyekuwa akitawa hutolewa ndani, jamaa zake huja na vikapu vyao, naye kwa mara ya kwanza hushika kazi katika nyumba yake.

Ukitoka hapo ukaenda kaskazini mashariki hadi Muyinga, jirani na mpaka wa Kobero na Tanzania, utakuta Waislamu wanaosema Kiswahili, ambao dini yao iliingia bara kwa njia za misafara ya biashara ya karne ya kumi na tisa. Kwao nikahi hutangulia, mahari ni haki ya binti mwenyewe, na pombe haina nafasi. Hata hivyo shimo la ndizi lina kazi, maana yale maji matamu yaliyokamuliwa, umutobe, hunywewa siku ile ile kabla hamira haijafanya kazi yake, na atakayeyaacha mpaka kesho amepata kinywaji kingine.

Limebaki jambo moja, nalo ndilo lililonifanya niandike. Ushahidi wa uani, hata uwe na vikapu na vyungu vya aina gani, mahakamani hautoshi. Kwa mujibu wa Kanuni ya Watu na Familia ya tarehe 28 Aprili 1993, ndoa inayotambuliwa ni ile iliyofungwa mbele ya ofisa wa serikali, mwanamume akiwa ametimiza miaka 21 na mwanamke 18. Na kwa kuwa Burundi haina sheria iliyoandikwa ya mirathi, mwanamke aliyeolewa kwa ada tupu, mumewe akifa, hubaki mikononi mwa shemeji zake juu ya shamba alilolilima mwenyewe. Mwaka 2017 Rais Pierre Nkurunziza aliamuru waishio pamoja bila cheti waandikishe ndoa zao kabla ya mwaka kwisha, watu wakaoa kwa makundi. Lakini amri ya mwaka mmoja haiwafikii wachumba wa miaka ijayo. Tena mambo yamebadilika: sheria ya 2023 ilipunguza mikoa kutoka 18 hadi 5 na komini kutoka 119 hadi 42, Muyinga ikaingia katika mkoa wa Buhumuza, na watu wa vilima vingi sasa huhudumiwa na ofisi wasiyoizoea. Basi wachumba wa Ryansoro na wa kwingineko, kabla hamjachimba shimo la ndizi, ulizeni kwanza ni komini ipi inayoandikisha ndoa za kilima chenu, mwende na vitambulisho vyenu, na tarehe ya cheti itangulie tarehe ya pombe.