Bunduki ndogo, mnyama mkubwa: Shuti la utulivu na gharama ya kukosa

Na Mwandishi Wetu, Masasi

UKITAKA kuanzisha ubishi Masasi ambao hauzimiki mpaka kahawa iishe kwenye birika, usiulize Simba na Yanga nani zaidi. Hilo limezoeleka. Uliza kama bunduki ndogo inaweza kumwangusha tembo.

Mimi sikuuliza. Nilikuja huku kwa ajili ya mpira, na siku hiyo nilikuwa natazama ndondo. Dakika za mwisho timu moja ikapata penalti. Straika wao, dogo mwenye mguu mzito kwelikweli, akarudi nyuma hatua nyingi, akaja mbio kama treni, akafumua. Mpira ukapaa juu ya mwamba na kwenda kutafutwa kwenye mikorosho. Mechi ikaisha hivyo, timu ikatoka.

Jioni kijiweni kila mtu alikuwa na lake. Ndipo mzee mmoja, aliyewahi kuwa askari wa wanyamapori, akasema yule kijana hakukosa kwa sababu ya mguu. Alibeba bunduki kubwa kuliko roho yake. Kabla hajapiga, tayari alikuwa ameogopa teke.

Vijana wakacheka. Mzee hakucheka. Akaanza kusimulia habari za bunduki, na kahawa yangu ikapoa mkononi.

TEKE LA BUNDUKI

Kila bunduki inapofyatuka, risasi inakwenda mbele na bunduki inarudi nyuma. Ule mrudisho ndio teke, na mwenye kulipokea ni bega lako. Risasi ikiwa nzito na baruti ikiwa nyingi, teke nalo linakuwa kubwa.

Enzi za wawindaji wa Kizungu mwanzoni mwa karne iliyopita, bunduki za tembo zilikuwa mizinga hasa. Ile iliyoitwa .600 Nitro Express ilikuwa na risasi yenye unene wa milimita 15 hivi, sawa na kidole chako cha shahada, na uzito wa gramu 58. Bunduki yenyewe ilitengenezwa nzito makusudi ili ipunguze teke, na mara nyingi alikuwepo mtu wa kuibeba kwa niaba ya bwana.

Tatizo la teke haliko begani tu, liko kichwani. Mtu akishaumizwa mara mbili tatu, mwili unajifunza woga. Anafumba jicho sekunde ile anayovuta triga. Bega linajikunja, mtutu unayumba kidogo, na risasi inakwenda kwingine. Mlengaji mwenyewe anaapa kwamba alilenga sawasawa.

Anayecheza mpira anaijua hali hiyo. Ukitaka kufumua kwa nguvu zote, mwili unaegemea nyuma, na ukiegemea nyuma mpira unapaa. Goli lina upana wa mita 7.32 na kimo cha mita 2.44, nawe uko mita 11 tu. Nafasi ipo tele. Antonín Panenka alilionyesha hilo fainali ya Ulaya mwaka 1976 dhidi ya Ujerumani Magharibi: kipa alipojirusha pembeni, yeye akaudokoa mpira taratibu katikati ya goli. Czechoslovakia wakabeba kombe kwa shuti ambalo hata mtoto angelidaka, kama angebaki amesimama.

MTU WA KARAMOJA

Panenka wa bunduki alikuwa Mskoti aliyeitwa Walter Dalrymple Maitland Bell, aliyezaliwa mwaka 1880. Wenzake walimpachika jina la Karamojo Bell kwa sababu ya miaka aliyowinda Karamoja, kaskazini mashariki mwa Uganda.

Bell aliua tembo zaidi ya 1,000 katika maisha yake. Wengi wao aliwaua kwa bunduki ya .275 Rigby, ambayo kwa vipimo vyetu ni milimita 7. Chukua penseli ya mwanao, huo ndio unene wa risasi yenyewe. Uzito wake ni gramu 11 na kidogo, yaani karibu moja ya tano ya risasi ya ile .600. Alitumia pia ndogo zaidi ya hiyo, Mannlicher ya milimita 6.5.

Aliwezaje? Kwanza, aliusoma mpira kabla ya kuucheza. Kichwa cha tembo ni kikubwa, ila sehemu kubwa ni mifupa yenye vijishimo vya hewa kama sega la nyuki. Ubongo ni kitu kidogo kilichojificha ndani kabisa. Bell alipasua fuvu la tembo kwa msumeno katikati ili aone kwa macho yake umekaa wapi. Akagundua kwamba risasi kubwa ikipita pembeni ya ubongo haina maana, na ndogo ikifika penyewe imemaliza kazi.

Pili, alichagua risasi ngumu, iliyofunikwa metali yote, ambayo haifumuki wala kupinda njia inapokutana na mfupa. Tatu, alifanya mazoezi bila kuchoka na alisogea karibu. Bunduki yake ilikuwa nyepesi, teke lake dogo, kwa hiyo hakuwa na cha kuogopa. Mwaka 1923 alichapisha kitabu kuhusu safari zake za kuwinda tembo, na hadi leo wanaopenda bunduki ndogo duniani wanamtaja kama sisi tunavyomtaja Pelé.

Tuseme ukweli lakini. Bell hakuwa shujaa wetu. Alikuja kuchukua pembe, akauza, akatajirika, akarudi kwao Uskoti, ambako alifariki mwaka 1954. Tunachojifunza kwake ni ufundi wa kulenga tu.

SWAHN NA VITA VYA RUVUMA

Ufundi huo uliwahi kuwa mchezo wa Olimpiki. Kuanzia London mwaka 1908 kulikuwa na shindano la kumpiga paa wa bandia anayekimbia mbele ya walengaji umbali wa mita 100. Msweden Oscar Swahn alitwaa dhahabu mwaka huo akiwa na miaka 60, akachukua nyingine mwaka 1912, na mwaka 1920 akapata fedha akiwa na miaka 72. Hadi leo hakuna aliyepata medali ya Olimpiki ya kulenga shabaha akiwa mzee kuliko yeye. Umri huo haupigi shuti la mita 30, ila mkono uliotulia bado unafunga.

Siku hizi walengaji wa mita 50 wa Olimpiki wanatumia bunduki ya .22, ambayo teke lake mtoto anaweza kulivumilia. Kiduara cha pointi 10 kina upana wa milimita 10.4, kama kifungo cha shati lako.

Huku kusini nako hadithi hii ina mizizi. Novemba 25, 1917, kikosi cha Wajerumani cha von Lettow-Vorbeck kilivuka Ruvuma na kuwapiga Wareno pale Ngomano, ng'ambo kidogo ya hapa. Baadhi ya askari wake walikuwa bado na bunduki za mtindo wa 1871, za milimita 11, zenye kutoa moshi mzito uliomwonyesha adui walipojificha. Za Wareno zilikuwa za milimita 6.5, ndogo na za kisasa. Wakazibeba. Kwenye mito hiyo kikosi kilijilisha kwa kuwinda, viboko wakiwemo, maana mafuta ya kupikia hayakuwepo. Bunduki za vita, zisizotengenezwa kwa ajili ya wanyama wakubwa, ndizo zilizojaza sufuria.

SMG ILIVYOCHAFUA HESABU

Hapa kijiweni vijana walishangilia. Kumbe bunduki ndogo inatosha! Mzee akatikisa kichwa, akauliza: na SMG je?

Kikawa kimya. Kila mtu kusini anaijua SMG. Mtutu wake ni milimita 7.62, risasi yake gramu 8 tu, teke lake dogo. Kwa vipimo ni ndugu wa karibu wa bunduki ya Bell. Ndiyo iliyobebwa na magenge ya ujangili yaliyoivamia Selous.

Sensa ya mwaka 2009 ilihesabu tembo 38,975 katika ikolojia ya Selous na Mikumi. Mwaka 2013 walibaki 13,084. Si wote walioanguka kwa SMG, kwani majangili walitumia pia magobole na hata bunduki kubwa za uwindaji. Lakini SMG ilionyesha upande wa pili wa bunduki ndogo. Haikulengwa kama Bell alivyolenga. Ilimiminwa. Tembo alikula risasi nyingi mwilini, mwingine akafa pale pale, mwingine akaondoka na majeraha yake kwenda kufia mbali.

Gobole nalo lina kasoro yake. Hapo mtutu ni mpana, risasi inaweza kuwa kipande cha nondo, teke ni kubwa na kulenga ni bahati nasibu. Nguvu ipo, njia ya mpira haijulikani.

Ndiyo maana wabishi wa bunduki duniani hawajaelewana mpaka leo. John Taylor, mwindaji aliyeishi miaka mingi Msumbiji, alitunga hesabu yake ya kupima kishindo cha risasi kwa kuzidisha uzito, kasi na unene. Kwa hesabu hiyo bunduki ya Bell inashika mkia. Taylor hakuwa mjinga. Alikuwa anawafikiria wanaokosa.

ANAYELIPA NI NANI?

Na hapo ndipo sheria yetu iliposimama. Kanuni za uwindaji Tanzania zinataka mnyama hatari kama tembo, nyati au simba asipigwe kwa bunduki iliyo chini ya .375, yaani milimita 9.5. Ndogo ni za swala na jamii yake. Angekuja Bell leo na .275 yake, angerudishwa getini.

Vijana waliona hiyo ni kumwonea fundi. Mzee alisema sheria haikutungwa kwa ajili ya fundi akiwa kwenye siku yake nzuri. Imetungwa kwa ajili ya yeyote yule siku mkono unapotetemeka, upepo unapogeuka, mnyama anaposogea hatua moja mbele. Bunduki ya .375 ina teke ambalo mtu mzima akifanya mazoezi analizoea, na ikikosea kidogo bado inaweza kumsimamisha mnyama. Hiyo ndogo haikusamehe hata sentimita.

Straika akikosa penalti, anazomewa, mechi inaisha, Jumamosi inakuja nyingine. Mwindaji akikosa nusu, akamjeruhi nyati au simba, mnyama anaingia kichakani na maumivu yake. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2009 inamdai mwindaji amfuate na kummaliza. Asipomfuata, anayekutana naye kesho ni mama anayekwenda shambani.

Hayo si ya kutishana. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 na Craig Packer na wenzake ulionyesha kwamba tangu 1990 simba walikuwa wameua Watanzania zaidi ya 563 na kujeruhi zaidi ya 308, na kusini ni miongoni mwa sehemu zilizoumia zaidi. Wengi walikutwa msimu wa mavuno, wakiwa wamelala mashambani kulinda mazao yasiliwe na nguruwe pori. Nguruwe anamleta mtu shambani usiku, na pia anamleta simba.

Kesho yake nilipanda gari kwenda Newala. Barabara inapanda uwanda wa Makonde, mikorosho kushoto na kulia. Katikati ya shamba moja niliona dungu la miti na nyasi, limeinuka kidogo tu kutoka ardhini. Usiku mtu analala pale na tochi, debe la kupiga kelele, pengine na mbwa. Hana .375 wala .275. Usalama wake unategemea kwa sehemu jinsi mtu mwingine, asiyemjua, alivyovuta triga mahali asipopajua.

Ukisimama Newala pale Shimo la Mungu unaliona bonde lote mpaka Ruvuma na Msumbiji ng'ambo. Tembo hawana pasipoti, wanavuka wanavyotaka, na wakiingia mashambani wananchi wanapiga simu kwa askari wa wanyamapori. Mzee alisema wanaotumwa na bunduki wanatakiwa wawe na vitu viwili pamoja: silaha inayotosha na mkono uliozoea kuitumia. Kimoja bila kingine ni hatari.

Niliporudi Masasi jioni nilipita pale uwanjani. Yule straika alikuwa peke yake na mipira mitatu. Alikuwa anapiga penalti kwa ndani ya mguu, taratibu, kona ya chini kushoto. Ya kwanza ikaingia. Ya pili ikagonga mlingoti. Akaifuata, akairudisha kwenye alama, akapiga tena.