Una tatizo la thairodi? Ukishika mimba usiache vidonge!

Naandika kutoka Nduta, wilaya ya Kibondo. Wengi mnaijua Nduta kwa kambi ya wakimbizi wa Burundi iliyofunguliwa tena mwaka 2015. Leo siongelei kambi wala siasa. Naongelea tezi ya shingoni, maana kuna akina dada wanaambiwa wamelogwa hawazai, kumbe tatizo linapimika na dawa ipo.

Tezi hiyo inaitwa thairodi. Inatengeneza homoni inayoendesha kasi ya mwili mzima. Ikilegea unachoka ovyo, unahisi baridi wakati wenzako wanatoka jasho, unanenepa, choo kinakuwa kigumu na siku zako zinavurugika. Mayai nayo yanaweza yasitoke kwa mpangilio, hivyo mimba inachelewa.

Kwa nini watu wa milimani lituhusu zaidi? Tezi inahitaji madini joto. Kwenye miinuko yenye mvua nyingi, maji huyaosha kutoka kwenye udongo, na mazao yanakuwa nayo kidogo. Muhogo ambao haukulowekwa na kukaushwa vizuri nao una sumu inayoizuia tezi kuyachukua. Hapo ndipo rovu, yaani goita, inapoanzia. Ila siyo kila mwenye goita tezi yake imelegea, na wapo ambao tezi imelegea bila uvimbe wowote, kwa sababu kinga ya mwili yenyewe inaishambulia.

Tangu katikati ya miaka ya 1990 sheria ya Tanzania inataka chumvi ya kula iwekwe madini joto. Kwa hiyo soma pakiti kabla ya kununua, funika chombo chako, na tia chumvi chakula kikikaribia kuiva. Mjamzito anahitaji mikrogramu 250 za madini joto kwa siku, wakati mtu mzima wa kawaida anahitaji 150.

Sasa tuje kwenye vidonge. Tezi ikishalegea kabisa, chumvi peke yake mara nyingi haitoshi. Dawa inaitwa levothairoksini, na ni homoni ile ile ambayo tezi imeshindwa kutengeneza. Ndiyo maana haimdhuru mtoto. Kinachomdhuru ni kuikosa! Miezi mitatu ya mwanzo tezi yake bado haijaanza kazi, anategemea homoni ya mama kujenga ubongo. Mama akipungukiwa sana, hatari ya mimba kutoka, presha na mtoto njiti inapanda.

Dada yangu mmoja, mtoto wa baba mkubwa, aliambiwa na watu mtaani aache dawa zote kwa sababu ana mimba. Akaacha. Mimba ikatoka. Daktari alimwambia hakuna anayeweza kuapa kwamba sababu ni hiyo, ila hatari iliongezwa bure. Iliniuma sana, ndiyo maana naandika.

Kwa hiyo shikeni haya:

1. Kabla ya kutafuta mtoto, pima damu kipimo kinachoitwa TSH. Tezi ikilegea, namba hupanda. Kwa anayetumia dawa, madaktari hupenda iwe chini ya 2.5. Zahanati nyingi hazina kipimo hiki, uliza hospitali ya wilaya wakuelekeze.

2. Mimba ikijulikana, dozi kwa kawaida huongezwa asilimia 25 hadi 30. Anayemeza kidonge 1 kila siku huweza kuambiwa ameze 9 kwa wiki badala ya 7. Usijipangie mwenyewe! Kubaliana na daktari mapema, kabla hujashika mimba.

3. Rudia kipimo kila wiki 4 mpaka nusu ya mimba, halafu tena karibu na wiki ya 30.

4. Meza asubuhi kwa maji, tumbo tupu, subiri nusu saa hadi saa nzima ndipo unywe chai. Vile vidonge vya kuongeza damu vya kliniki usivimeze pamoja na dawa hii, vinaizuia isiingie mwilini. Acha saa 4 katikati.

5. Ukishajifungua, dozi hurudi ya zamani, na unapima tena baada ya wiki 6. Kunyonyesha ruksa.

Na nyie akina kaka mnaosoma hapa kafe, msikimbilie kumwita mkeo mgumba. Mpelekeni kipimo, na nyie mkapime.

Nawasilisha. Mwenye swali au aliyepitia haya aandike hapo chini tuelimishane.