Agrippina na Sarafu Zake Nne

Je, wajua kwamba sarafu nne tu zinatosha kusimulia maisha ya Agrippina, mama wa Nero, kaisari wa Roma?

Ya kwanza ni sarafu kubwa ya shaba ya miaka ya 37 na 38. Kaka yake Caligula, aliyekuwa kaisari wakati huo, aliagiza dada zake watatu wachorwe wamesimama upande wa nyuma, kila mmoja na jina lake. Heshima hiyo haikudumu. Mwaka 39 Caligula alimtuhumu Agrippina kwa njama, akamfukuzia uhamishoni.

Ya pili ni ya ndoa. Mwaka 49, akiwa amesharudi kutoka uhamishoni, Agrippina aliolewa na Kaisari Claudius, ambaye alikuwa baba yake mdogo. Mwaka uliofuata akapewa cheo cha Augusta, na sura yake ikafuliwa kwenye dhahabu na fedha, kichwani amevaa shada la masuke ya nafaka. Uso wa mbele ulikuwa wa mume. Wake ulikuwa nyuma.

Ya tatu ndiyo ya ajabu. Claudius alifariki Oktoba 54, na Nero akashika utawala akiwa na miaka 16. Kwenye sarafu za mwaka huo mama na mwana wanatazamana ana kwa ana, vichwa vimelingana. Maandishi yanayovizunguka yanamtaja mama: Agrippina Augusta, mama wa Nero. Jina la kaisari mwenyewe limepelekwa upande wa pili.

Ya nne ni ya mwaka 55. Hawatazamani tena. Nero yuko mbele, na mama anaonekana kidogo tu nyuma ya shavu la mwanawe. Majina nayo yamebadilishana nafasi. Baada ya hapo sura ya Agrippina ikatoweka kwenye sarafu zilizofuliwa Roma, na mwaka 59 Nero akaagiza auawe.

Wanahistoria kama Tacitus waliandika habari zake miongo kadhaa baadaye, tena bila kumpenda. Sarafu zilitoka mambo yakiwa bado moto, zikapita mikononi mwa askari na wachuuzi. Hata asiyejua kusoma aliweza kuona kwamba mama, aliyekuwa jana akimtazama mwanawe usoni, leo amesogezwa nyuma yake.